Mshumaa, tochi au leza? Kioo au lenzi? Kuchagua vifaa vya majaribio ya mwanga Mombasa

Wanaojiandaa kwa majaribio ya mwanga huuliza kwanza habari za lenzi: iwe ya sentimita ngapi, ya glasi au ya plastiki. Sisi tungeanza na chanzo cha mwanga. Lenzi nzuri ikiwekwa mbele ya chanzo kibaya hutoa taswira ambayo huwezi kusema kitu chake kimesimama wapi. Usipojua kitu kiko wapi huwezi kupima u, yaani umbali wa kitu kutoka kwenye lenzi, na bila u hakuna hesabu.

Kwa mwenye haraka, jibu letu ni hili: lenzi mbinuko (iliyovimba katikati) ya sm 15, yaani inayokusanya miali sambamba umbali huo kutoka kwake, tochi ya LED iliyofunikwa karatasi yenye alama ya msalaba, kioo bapa kidogo, rula ya mita na kadi nyeupe. Vifaa hivyo vinatosha kwa sehemu kubwa ya mada za mwanga za sekondari. Sababu zake, na pale ambapo chaguo jingine linashinda, ni hizi.

Vyanzo vya mwanga

Jua halina gharama na miali yake hufika ikiwa karibu sambamba kabisa, kwa hiyo ndilo la kwanza kufikiriwa unapotaka fokasi, yaani pale miali hiyo inapokusanyika. Lakini Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, na jua la mchana hapa huwa juu mno. Hata mwezi wa Juni, linapokuwa limeelekea kaskazini kabisa, adhuhuri bado liko zaidi ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Karibu na tarehe 10 Machi na siku za mwanzo za Oktoba hupita utosini. Mwanga wa namna hiyo hauingii darasani kupitia dirishani. Ama ufanye jaribio uani, karatasi ikiwa chini na lenzi ikishikwa juu yake, ama usubiri saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua linapoingia kwa upande.

Kumbuka pia kwamba jua si nukta. Upana wake angani ni kama nusu ya digrii, kwa hiyo lenzi ya sm 15 haitoi nukta bali kiduara cha milimita 1.4 hivi. Mwanafunzi anayehangaika kukifanya kidogo zaidi anatafuta kisichokuwepo. Kiduara hicho kinachoma karatasi na kinachoma ngozi, na kulitazama jua kupitia lenzi kunapofua. Jua tunalichagua kwa kuonyesha fokasi tu. Kwa kupima, hapana.

Mshumaa ndio ulio kwenye maswali mengi ya vitendo, kwa hiyo usiuache hata kama una tochi nzuri. Ubora wake ni mmoja: mwali wa mshumaa una juu na chini, na taswira iliyopinduka inaonekana mara moja bila maelezo. Ila kasoro zake ni nyingi. Pwani upepo hautulii. Ukifungua madirisha mwali unayumba, ukiyafunga chumba kinakuwa joto na watu wanakosa subira. Mwali wenyewe una unene wa karibu sentimita moja, hivyo hata mkono ukiwa thabiti huwezi kudai u kwa usahihi wa milimita. Na kosa linalosahaulika ni kimo: mshumaa hupungua unapowaka. Ulipoanza, mwali ulikuwa sawa na katikati ya lenzi. Baada ya vipimo vinne umeshuka, taswira imepanda juu ya skrini, na mwanafunzi anainamisha lenzi kuifuata. Lenzi iliyoinama huharibu taswira. Inua mshumaa kwa kibao au vitabu kila mara, lenzi iache wima.

Balbu ndogo ya tochi ya zamani, ile ya volti 2.5 yenye waya unaong'aa, ilikuwa chanzo kizuri kwa sababu waya ni mwembamba na taswira yake ni kali. Ukiipata, itumie kwa betri mbili kavu. Hatungehangaika kuitafuta.

Tochi ya LED inang'aa kiasi kwamba taswira inaonekana hata mchana, pazia likiwa wazi nusu. Hapo ndipo wengi wananaswa. Tochi hizi zina lenzi au kikombe chenye kung'aa mbele ya taa, na mwanga unatoka ukiwa umeshakusanywa. Ukiielekeza tochi tupu kwenye lenzi yako, taswira utakayoiona inaweza kuwa ya taa, ya kikombe au ya lenzi ya tochi, na kila moja iko umbali tofauti. Ndiyo maana namba hazikubaliani. Dawa ni rahisi: chukua kipande cha karatasi nyeupe, kipake mafuta ya kupikia kidogo kipitishe mwanga, kikaushe kwa kitambaa, chora msalaba kwa wino mweusi, kisha kibandike kwenye mdomo wa tochi. Sasa kitu ni msalaba. Pima u kutoka kwenye karatasi, usipime kutoka kwenye mwili wa tochi.

Taa ya simu inafaa kwa jambo moja kuliko vyote vingine: vivuli. Ni ndogo, milimita chache tu, karibu na chanzo cha nukta. Isimamishe mita moja kutoka kwenye mpira mdogo na ukutani utapata kivuli chenye ukingo mkali. Halafu weka mbele yake ile karatasi ya mafuta ikiwa na duara la mwanga la sm 5: kivuli kizito kinapungua katikati, na kivuli chepesi kinakizunguka. Tofauti ya chanzo kidogo na chanzo kipana, pamoja na maelezo ya kupatwa kwa jua na kwa mwezi, inaeleweka kwa dakika mbili.

Leza haitengenezi taswira. Inatoa mwali mmoja mwembamba, na hiyo ndiyo kazi yake: kufuata njia ya mwanga kwenye uakisi na upindaji. Kwa kioo bapa, kibao cha glasi au maji, hakuna chanzo kinachoishinda. Tia matone mawili matatu ya maziwa ndani ya chombo cha maji chenye kuta bapa na mwali utaonekana wote. Ukiupiga kutoka ndani ya maji kwenda juu, ongeza pembe polepole. Kwenye nyuzi 49 hivi unaacha kutoka na kurudi wote majini. Kwa glasi ya kawaida pembe hiyo ni karibu nyuzi 42. Chagua leza nyekundu isiyozidi miliwati 1. Zile za kijani zinaonekana vizuri zaidi, lakini za bei ndogo mara nyingi zina nguvu kuliko inavyoandikwa. Mwali ukae juu ya meza, chini ya macho ya walioketi, na kioo kisishikwe mkononi leza ikiwa inawaka.

Vioo: bapa, mbonyeo, mbinuko

Ukiokota kioo usichokijua, kilete karibu na uso. Uso ukionekana vilevile, ni bapa. Ukionekana mkubwa na wima, ni mbonyeo, yaani kilichoingia ndani. Ukionekana mdogo, na ukabaki mdogo na wima hata ukirudi nyuma hatua tano, ni mbinuko.

Kioo bapa kina kasoro inayowanyima watu alama bila wao kujua. Vioo vya kujitazamia hupakwa rangi ya fedha nyuma ya glasi, na glasi ina unene wa milimita 3 au 4. Mwanga unaingia, unaakisiwa nyuma, unatoka. Mwanafunzi anachora mstari wa kioo kwenye karatasi kwa kufuata uso wa mbele, kisha pini zake zinakataa kukutana pale zilipotarajiwa. Kwa glasi ya milimita 3, uso unaoakisi huonekana kana kwamba uko milimita 2 nyuma ya uso wa mbele, kwa sababu glasi hupunguza kina kinachoonekana kwa mara 1.5. Mstari wako uuchore hapo, na kioo kisimame wima kabisa kwa kibanio cha mbao au plastisini. Kikiinama kidogo tu, taswira za pini hazipangiki. Kipande cha glasi nyeusi hakina tatizo hili kwa kuwa uso wa mbele ndio unaoakisi, ila taswira yake ni hafifu.

Kati ya mbonyeo na mbinuko, chagua kwa kuuliza: nataka kuona kikubwa au kuona kingi? Mbinuko huonyesha eneo pana. Ndicho kilicho ubavuni mwa matatu, kwenye kona ya duka, na ndicho kingefaa pembe za vichochoro vya Mji wa Kale ambako tuktuk na mtu aendaye kwa miguu hawaonani mpaka wamekaribiana. Gharama yake ni kwamba hupunguza ukubwa wa vitu, na dereva anadhani gari la nyuma liko mbali kuliko lilivyo. Mbonyeo hukuza, mradi uso uko ndani ya umbali wa fokasi: kioo cha kunyolea, kioo cha daktari wa meno. Hukusanya pia mwanga mahali pamoja, na taa ikiwekwa kwenye fokasi huutupa mbali ukiwa sambamba, kama taa za mbele za gari.

Kwa maabara, nunua mbonyeo kwanza. Mbinuko haitoi taswira halisi peke yake, kwa hiyo huwezi kuipokea kwenye skrini na huwezi kupata fokasi yake bila msaada wa lenzi. Mbonyeo hupimwa hivi: toboa tundu la sm 1 kwenye kadi nyeupe, nyosha nyuzi mbili za msalaba katikati ya tundu, weka tochi nyuma. Sogeza kioo mbele na nyuma mpaka taswira kali ya msalaba itue kwenye kadi hiyohiyo, kando ya tundu. Umbali kutoka kadi hadi kioo ni nusu kipenyo cha mpindo wake. Gawanya kwa mbili, umepata umbali wa fokasi. Hakuna skrini ya pili, na kipimo ni kimoja tu.

Kioo mbonyeo au lenzi mbinuko?

Vyote viwili hukusanya mwanga, na kanuni ni ileile: 1/f = 1/u + 1/v, ambapo f ni umbali wa fokasi na v ni umbali wa taswira. Tofauti iko kwenye matumizi. Kwa kioo, taswira halisi inarudi upande wa kitu, na skrini ikiwekwa hapo inazuia mwanga unaokwenda. Inabidi kuigeuza pembeni kidogo, na ukizidisha pembe taswira inavutika. Kwa lenzi, skrini iko upande wa pili na kila kitu kinapangwa kwenye mstari mmoja kando ya rula. Kwa vipimo vingi vya u na v, lenzi ndiyo nyepesi kutumia.

Kioo kinashinda kwenye rangi. Glasi hupinda bluu zaidi ya nyekundu, kwa hiyo ukingo wa taswira ya lenzi huwa na utepe wa rangi, na mwanafunzi mmoja anasema imekuwa kali hapa, mwingine anasema pale. Kioo hakina tatizo hilo, maana uakisi hautegemei rangi. Ukitumia lenzi, weka karatasi ya plastiki nyekundu mbele ya tochi na ubishi utapungua.

Kuna tofauti nyingine inayofaa kuonyeshwa kwenye beseni. Tumbukiza vyote viwili majini. Umbali wa fokasi wa kioo haubadiliki. Wa lenzi ya glasi unaongezeka karibu mara nne, kwa sababu maji yenyewe yana kipeo cha kupinda mwanga cha 1.33 na tofauti kati yake na glasi ni ndogo. Anayepiga mbizi Nyali na macho wazi anaona ukungu kwa sababu hiyohiyo: sehemu ya mbele ya jicho inapoteza nguvu yake ya kupinda mwanga ikigusana na maji.

Lenzi ipi, na miwani ya kusomea inafaa?

Kipimo cha lenzi hakichaguliwi peke yake. Kinachaguliwa pamoja na rula. Ili kupata taswira halisi, umbali kati ya kitu na skrini hauwezi kuwa chini ya mara nne ya f. Kwa rula ya mita moja, lenzi ya sm 20 inahitaji angalau sm 80, na nafasi zote unazoweza kutumia ni u kati ya sm 28 na 72 hivi. Lenzi ya sm 15 inakupa kutoka sm 19 hadi 81. Lenzi ya sm 10 inakupa nafasi kubwa zaidi, kutoka sm 12 hadi 88, lakini kosa la milimita 2 kwenye f ni asilimia 2 nzima. Ndiyo sababu tunasema 15. Kwa lenzi hiyo u ya 20 hutoa v ya 60, u ya 25 hutoa 37.5, u ya 30 hutoa 30, na u ya 45 hutoa 22.5: namba nzuri za kujikagua.

Shule au familia isiyo na lenzi ya maabara inaweza kununua miwani ya kusomea, ile iliyotundikwa kwenye vibanda kuanzia Mwembe Tayari hadi Kongowea. Namba yake ni dayopta, kipimo cha nguvu ya lenzi. Gawanya 100 kwa namba hiyo, utapata f kwa sentimita.

| Miwani | f (sm) | Umbali mdogo kabisa, kitu hadi skrini (sm) |
|---|---|---|
| +1.50 | 67 | 267 |
| +2.00 | 50 | 200 |
| +3.00 | 33 | 133 |
| +4.00 | 25 | 100 |
| +3.00 mbili pamoja | 16.7 | 67 |
| +4.00 mbili pamoja | 12.5 | 50 |

Mistari minne ya juu ndiyo inayowakatisha watu tamaa: wananunua +2.00, wanakaa na rula ya mita jioni nzima, taswira haiji. Haitakuja, rula ni fupi. Toa lenzi zote mbili kwenye fremu, zipange uso kwa uso, zifunge kwa gundi ya utepe pembeni, na nguvu zake zinajumlishwa. Jozi ya +3.00 inakuwa lenzi ya sm 16.7, karibu sana na ile tunayoipenda. Zina upungufu: ni za plastiki, zinachubuka upesi, na upande mmoja umeingia ndani, hivyo mahali pa kupimia si katikati ya unene hasa. Tarajia kosa la milimita chache.

Ukiwa kwenye kibanda, hakikisha si lenzi mbonyeo (nyembamba katikati) ya asiyeona mbali. Ishike karibu na jicho, sentimita 10 hivi, itazame nguzo ya stima kupitia kwayo, isogeze kushoto na kulia. Nguzo ikienda kinyume na mkono, ni mbinuko. Ikiufuata mkono, ni mbonyeo, na taswira yake haitakaa kwenye skrini kamwe. Usinyooshe mkono: kwa +3.00 au +4.00 lenzi itakuwa mbali na jicho kupita fokasi, nguzo itapinduka na kuufuata mkono, nawe utadhani ni mbonyeo.

Tungi la glasi lililo mviringo, likijazwa maji, nalo ni lenzi. Fokasi yake iko karibu mara mbili ya nusu kipenyo, ukipima kutoka katikati. Chupa iliyonyooka haitoi nukta, inatoa mstari wa mwanga. Usiiache yoyote kati ya hizo juani karibu na pazia.

Njia nne za kupata umbali wa fokasi

Ya dirishani ndiyo ya haraka: pokea kwenye kadi taswira ya kitu cha mbali, pima. Usahihi unategemea neno "mbali". Kwa lenzi ya sm 15, mti ulio mita 10 hukupa sm 15.2, kosa la asilimia 1.5. Dirisha lenyewe, likiwa mita 3, hukupa 15.8, na hapo umeshapotea kwa asilimia 5. Tazama jengo la ng'ambo ya mtaa au minazi ya ng'ambo ya mkono wa bahari, usitazame nondo za dirisha. Njia hii itumie kila mara kabla ya nyingine, ujue namba unayoitarajia.

Ya kioo bapa nyuma ya lenzi ni nzuri kwa lenzi nyembamba. Kadi yenye msalaba, lenzi, kisha kioo kikiigusa lenzi. Sogeza vyote viwili pamoja mpaka taswira irudi kando ya msalaba. Umbali huo ni f moja kwa moja. Hata lenzi ya sm 50 inapimika kwa rula ya mita.

Ya u na v kwa grafu ndiyo ya mtihani. Pata jozi sita angalau, chora 1/v dhidi ya 1/u, na kila ncha inapokata mhimili ni 1/f. Ncha mbili zikikupa majibu mawili yanayotofautiana sana, kosa liko kwenye kupima: umesoma rula kutoka kwenye kishikio badala ya lenzi.

Njia ya kusogeza lenzi inataka uvumilivu lakini haijali unene wala katikati ya lenzi iko wapi, kwa hiyo ndiyo tunayoichagua kwa miwani iliyounganishwa. Weka kitu na skrini kwa umbali D usiobadilika. Tafuta mahali pa kwanza panapotoa taswira kali kubwa, kisha pa pili panapotoa ndogo. Umbali kati ya mahali hapo pawili ni d, na f = (D² − d²) ÷ 4D. D ikiwa 100 na d ikiwa 44.7, f ni 20. Ukipata mahali pamoja tu, D yako ni mara nne ya f kamili. Usipopata hata pamoja, ongeza D.

Kuhifadhi pwani

Lenzi ya glasi na ya plastiki hutofautiana hapa pia. Ya glasi huota kuvu ikiachwa kwenye kabati lenye unyevu, nyuzi nyuzi za kijivu zisizotoka kwa kufuta. Ya plastiki huharibiwa zaidi na kitambaa kikavu chenye chembe za mchanga na chumvi. Zote zisuuze kwanza kwa maji ya mfereji na tone la sabuni, ndipo ukaushe kwa pamba laini. Ziweke kwenye kopo linalofungika, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vioo huanza kuharibika pembeni, chumvi inapopenya kati ya glasi na rangi ya fedha. Paka rangi ya kucha kuzunguka ukingo uliokatwa kabla ya kuanza kukitumia. Na betri zitoe kwenye tochi kila mwisho wa muhula, maana zikivuja ndani, vyuma vya kugusia vinaliwa na tochi haiwaki tena.